Kartoni ndani ya kibanda cha sungura: tusimnyime mtu jike kwa sababu ya kartoni



Najua kuna wengine watashangaa. Mihogo inaoza shambani, mbegu ya mpunga imepanda bei, na huyu anatuletea habari ya kartoni? Ndiyo, kartoni. Juu swali hili nimelisikia Runingu, nimelisikia Kiliba, nimelisikia Sange siku ya soko, na kila mara linaulizwa kwa sauti ya woga: "Sungura yangu inatafuna kartoni usiku muzima. Itakufa?" Na sasa swali limetoka kwenye vibanda limeingia kwenye mikutano. Kuna pendekezo linalozunguka kati yetu kwamba mwanachama ambaye kibanda chake kina kartoni asipewe sungura jike wa mkopo mpaka ajenge kwa mbao. Mimi napinga pendekezo hilo, na nitaeleza ni kwa nini. Lakini kwanza tujibu swali la sungura mwenyewe, maana mikutanoni watu wanapiga kura kabla ya kujua jibu.

Jibu ni hili. Kartoni kavu, ya rangi ya udongo, isiyo na rangi za kung'aa, isiyo na skochi wala agrafi, isiyowahi kubeba dawa, haimuui sungura akiitafunatafuna. Kartoni ni mti. Miti inasagwa, inapikwa, inalazwa kuwa karatasi nene, halafu karatasi zile zinashikanishwa na gundi ya wanga, mara nyingi wanga wa mahindi. Ni ndugu ya ile gundi ya unga wa mihogo ambayo watoto wetu wanapika kwa kubandika madaftari. Hakuna sumu hapo. Kule Ulaya na Marekani, ambako watu wanafuga sungura ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka, wanampa kartoni makusudi acheze, ajifiche, araruke nayo hata kucha. Sisemi tuwaige. Yule sungura wao analetewa majani makavu ya kununua na ana muganga wake. Nasema tu kwamba kama kartoni yenyewe ingekuwa sumu, wangekuwa wamekwisha kuona.

Na sungura anatafuna kwa sababu lazima atafune. Meno yake 28 yote hayaachi kukua tangu kuzaliwa mpaka kufa. Yale ya mbele yanaongezeka kama sentimita 10 kwa mwaka. Asipoyapunguza yanapinda, yanaingia kwenye ulimi au shavu, na mnyama anakufa njaa mbele ya majani mengi. Njo maana anatafuna mlango wa kibanda, anatafuna mianzi, anatafuna kamba, na ukimpa kartoni ataimaliza kwa furaha. Mtu asiseme sungura wake ana wazimu. (Na tusimchanganye na yule Sungura wa hadithi za bibi zetu, mwenye kumshinda simba kwa akili. Yule ni wa porini kwetu. Huyu wa kibandani asili yake ni Ulaya, na akili yake, kusema ukweli, iko zaidi kwenye meno.)

Hata hivyo kuna kutafuna na kuna kula, na hapa njo wengi tunapotea. Angalia chini ya kibanda asubuhi. Ukikuta vipande vya kartoni vimetawanyika, sungura alikuwa anararua, anacheza, ananoa meno. Kama ni jike mwenye mimba, anatengeneza kiota, na hilo ni jambo jema kabisa. Lakini ukikuta kona ya kartoni imekwisha na chini hakuna kipande hata kimoja, basi imeingia tumboni. Sasa tazama kinyesi. Zile punje zikiwa kubwa, za mviringo na nyingi kama kawaida, hakuna haraka. Zikiwa ndogo, ngumu, chache, au hakuna kabisa, kuna hatari, na hatari hiyo haingoji kesho.

Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Tumbo lake linataka nyuzi za majani zisukume chakula bila kusimama, usiku na mchana, na linataka maji. Kartoni ina nyuzi, ni kweli, lakini haina protini, haina vitamini, haina chumvi ya kumjenga. Akijaza tumbo nayo, anaona ameshiba na haendi kwenye majani. Na kama chombo cha maji kimekauka, ile kartoni inanyonya unyevu wa tumboni na kuwa donge. Sungura aliyekaa amejikunja, masikio yamelala, anasaga meno, hataki hata matembele, hajatoa kinyesi tangu jana: huyo tumbo lake linasimama. Mpe maji, mpe majani mabichi yaliyonyauka kidogo, mwondoe kartoni yote, mtembeze chini, na mwite muganga wa nyama au muhamasishaji wa koperative siku hiyohiyo. Ukingoja siku mbili utamkuta amelala.

Sasa jiulizeni ni wakati gani sungura zetu wanakula kartoni kweli. Ni kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, bonde la Ruzizi linakuwa jekundu, nyasi karibu na nyumba zimekwisha, mbuzi wamemaliza kilichobaki, na mtoto aliyetumwa kutafuta majani anarudi na kifungu kidogo cha kushika kwa vidole. Tunampa sungura maganda mawili ya ndizi na pumba kidogo, tunaenda kulala. Usiku ana njaa ya nyuzi. Kitu chenye nyuzi kilicho karibu naye ni kartoni. Anaikula, asubuhi tunasema kartoni imemuua. Kartoni ilikuwa pale, ndiyo, lakini njaa njo ilimpeleka. Ukiondoa kartoni bila kuongeza majani, atakula mbao, atakula kamba, au atakula manyoya yake mwenyewe.

Dawa ya jambo hilo haihitaji dola. Mwezi wa tano nyasi zikiwa bado nyingi, kata, anika kivulini siku chache mpaka zinukie vizuri na zikatike zikikunjwa, funga mafungu, tundika chini ya paa mahali mvua na panya hawafiki. Hayo ni makavu ya kiangazi. Vichwa vya miwa viko Kiliba na kwenye mashamba yetu madogo, watu wanavitupa au kuvichoma. Matembele yanavumilia ukame kando ya mifereji. Majani ya mihogo pia ni chakula, lakini kamwe usiyatoe shambani na kuyatia kibandani moja kwa moja: yana sumu yake ya asili, yanyaushe kivulini siku nzima kwanza, na yasiwe chakula peke yake. Kwa kunoa meno, tia tawi la mpera au kigunzi cha mahindi kikavu. Tawi la avoka hapana, ni sumu kwa sungura, na majani yake pia hapana. Nalirudia hili kwa sababu miavoka iko karibu na nyumba nyingi upande wa milimani, na mtoto hukata tawi la karibu.

Tuseme sasa habari ya kartoni zinazoua kweli, maana zipo, na wale wanaotaka kuzikataza zote hawakuanza bure.

Ya kwanza ni kartoni iliyobeba dawa ya wadudu au dawa ya kuua majani. Depo za Uvira zinapokea mizigo mingi kupitia bandari ya Kalundu na mpaka wa Kavinvira, kartoni zikitupwa zinaokotwa, na anayeokota hasomi kilichoandikwa. Chupa moja ikivuja ndani ya kartoni, dawa inaingia kwenye karatasi na inabaki humo hata ikikauka. Sungura atakayeitafuna anakula dawa. Kartoni ya namna hiyo usiitie kibandani, usiwashie moto wa kupikia, usiweke nguo za mtoto. Ya pili ni kartoni inayong'aa, yenye picha za rangi nyingi, au iliyopakwa nta au plastiki ndani ili isilowe. Plastiki ikiingia kwenye utumbo haiyeyuki. Kuna jaribio rahisi: dondoshea maji tone moja. Likiingia na kuacha doa la giza, ni karatasi. Likikaa juu kama tone kwenye jani la iteke, na baada ya dakika kadhaa bado liko, rudisha kartoni hiyo jalalani. Ya tatu ni skochi na agrafi. Agrafi moja inatosha kutoboa utumbo, na skochi inajikunja ndani kama uzi. Pitisha kidole kwenye kila mkunjo kabla ya kuiweka. Kartoni za ndakala na za sabuni mimi sizipendi pia: ya ndakala inaita chungu na paka, ya sabuni inamsumbua pua. Kartoni ya bisikwi, ya madaftari, ya makaroni, hizo njo nzuri.

Halafu kuna unyevu. Wengi hawauhesabu, na kwa maoni yangu umemaliza vitoto vingi kuliko agrafi zote za Uvira. Kartoni iliyotandikwa chini ya kizimba inanyonya mkojo. Siku ya kwanza inaonekana safi, siku ya tatu inanuka mpaka macho yanachoma, na siku ya tano ina ukungu. Mnyama analala juu ya ile, anaitafuna, anakula kinyesi kilichogandamana nayo. Ugonjwa wa koksidiozi, ule wa vitoto kuharisha na tumbo kuvimba baada tu ya kuachishwa ziwa, unapenda hasa mahali hapo: vijidudu vyake vinatoka na kinyesi na vinakomaa penye joto na unyevu. Kwa hiyo kutandika kartoni sakafuni mimi naikataa kabisa. Sakafu iwe ya mianzi iliyopasuliwa, na nafasi ndogo kinyesi kianguke chini. Kama huna mianzi, tandika majani makavu ya mpunga na uyatoe kila siku mbili.

Na joto. Sungura hatoki jasho, anajipoza kwa masikio. Ikipita digrii 30 anateseka, na huku kwetu bondeni saa nane ya mchana tunafika huko bila shida. Kibanda kilichozibwa kartoni pande zote kwa kuogopa upepo wa usiku, mchana kinakuwa tanuru. Ukiziba, ziba upande mmoja unakotoka mvua, na asubuhi fungua.

Kiota ni habari nyingine. Hapa natofautiana na baadhi ya waganga wetu. Jike anabeba mimba siku 31 hivi. Siku ya 28 mpe sanduku, na sanduku hilo linaweza kuwa kartoni nzuri, ndefu kiasi cha jike kugeuka ndani, mbele imekatwa mlango wenye kizingiti ili vitoto visiviringike nje. Ndani tia majani makavu laini. Jike atang'oa manyoya yake ya tumbo aongeze. Atairarua kartoni kidogo, mwache. Vitoto vinazaliwa uchi na vipofu, macho yanafunguka karibu siku ya 10, na mpaka wiki ya tatu vinahitaji joto la pale. Kartoni inashika joto la usiku vizuri. Ikilowa, unaitoa na kuweka nyingine. Watoto wakitoka kiotani, unaichoma au unaitia kwenye shimo la mbolea.

Sanduku la mbao ni zuri, linadumu. Lakini linadumu pamoja na uchafu wake. Kati ya uzazi mmoja na mwingine linatakiwa kukwanguliwa, kuoshwa na maji ya moto na kuanikwa juani mpaka likauke kabisa. Nimeona masanduku ya mbao mazuri, yenye bawaba, yaliyojengwa kwa pesa ya mradi, ambayo hayajaoshwa tangu siku yaliyopigiwa picha. Kati ya sanduku la namna hiyo na kartoni mpya ya bisikwi, mimi nachagua kartoni.

Sasa turudi kwenye mkutano. Mkopo wa sungura kwetu unajulikana: mwanachama anapokea majike, anafuga, na kutoka kwenye uzazi wa kwanza anarudisha vitoto ambavyo vinapewa jirani. Ni mali ndogo lakini si ya kudharau. Ng'ombe katika bonde hili wamekula vita, watu wanajua. Mbuzi ni bei. Sungura mama anaweza kumfuga nyuma ya jikoni, na siku ya kukimbia anambeba kwenye kitunga. Nyama yake inakwenda kwa watoto, na anayebaki anauzwa Uvira, pesa inaingia kwenye minervali ya sekondari. Shule ya msingi serikali ilitangaza bure tangu 2019. Ya juu ya hapo bado ni sisi na mifuko yetu.

Ni nani ambaye kibanda chake kina kartoni? Si yule mwenye duka. Ni mjane, ni kijana aliyeoa mwaka huu, ni familia iliyoshuka kutoka milimani na bado inakaa kwenye shamba la mtu. Ubao unauzwa na misumari inauzwa. Ukisema "hakuna mbao, hakuna jike," umesema kwamba mkopo ni wa wale ambao tayari wanaweza kununua sungura bila mkopo. Koperative haikuanzishwa kwa ajili hiyo.

Wenye pendekezo wana hoja moja nzito, nami siifichi: jike wa mkopo si wa mtu mmoja, ni wa foleni nzima. Akifa kwa kula kartoni ya dawa, jirani anayengoja amepoteza zamu yake. Na nani atakagua kila kartoni imetoka wapi? Hoja hii ni ya kweli. Lakini mbao nayo haikaguliwi. Kuna mbao zilizopakwa rangi ya zamani, kuna mbao zilizobomolewa kwenye masanduku ya mizigo ambayo hakuna anayejua yalibeba nini, na sungura anatafuna mbao vilevile. Tukianza kukataza kitu kwa jina lake badala ya kutazama kilivyo, tutamaliza vitu vyote.

Mimi ningependa mkutano upitishe neno tofauti. Kabla ya kupewa jike, mwanachama aonyeshe mambo matatu: fungu la majani makavu la kutosha wiki mbili, chombo cha maji kisichopinduka, na sakafu inayopitisha mkojo. Asiye na fungu la majani asipewe, hata kama kibanda chake ni cha mbao za libuyu zilizopigwa randa. Kartoni ya kiota iruhusiwe, itoke kwa mwenye duka anayejulikana, ipite kwenye jaribio la tone la maji, na mtunza stoo wa koperative anaweza kukusanya kartoni za madaftari mwanzoni mwa mwaka wa shule na kuziweka mahali pakavu mbali na dawa za mashamba. Stoo nyingi kati ya zetu zinalaza dawa na vifungashio katika chumba kimoja. Hilo lirekebishwe hata kabla ya habari ya sungura.

Jike anayenyonyesha katika joto hili anaweza kumaliza lita moja ya maji kwa siku, na zaidi vitoto vikiwa vingi. Kikopo cha tomati hakitoshi. Nimetembelea vibanda ambavyo watu wanagombana juu ya kartoni huku kikopo kimekauka tangu asubuhi.

Neno la mwisho ni la wale wanaopeleka sungura soko la Uvira kwa pikipiki. Kartoni juu ya moto, barabara ya taifa namba 5, jua la saa sita, imefungwa skochi pande zote: ukifika unafungua, wawili wamekufa. Toboa mashimo mengi pande zote, usiweke zaidi ya wawili, safiri alfajiri, na funga kwa kamba chini yake, juu watatafuna. Kuna kijana aliyefika Kavinvira na kartoni yenye tundu la ukubwa wa kichwa cha mtoto, ndani hakuna kitu, na pikipiki yote ya nyuma ilikuwa inacheka. Kitunga cha matete kinafaa zaidi kama unacho.

Na ile kartoni iliyolowa mkojo, kama ni ile nzuri isiyo na rangi wala plastiki, usiitupe mtoni. Irarue vipande, itie kwenye shimo pamoja na kinyesi cha sungura na majani, mwagia maji, geuza kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi ni udongo mweusi, na lengalenga zinaukubali sana.